Tunda la Mwegea wa Bomani

Jumapili, 1 Julai 1979

Leo sikwenda bandarini. Jana meli ilileta askari wengine kutoka Bukoba — ngoma, vigelegele, watoto wa shule na matawi mikononi — nikasimama pale getini mpaka miguu ikavimba. Wanashuka wamekonda, wameungua jua, kila mmoja ana mtu wa kumrukia shingoni. Nilikagua nyuso zote. Hadi ya mpishi wa meli! Basi leo nimekataa. Akija, njia ya nyumbani anaijua.

Nimekwenda Bomani badala yake. Peke yangu, baada ya misa, na viatu vya kanisani. Mtu mwenye akili angekwenda kulala.

Boma ni lilelile. Kuta za mawe nusu zimesimama, nusu zimelala. Mahandaki ya vita vya Wajerumani yameota nyasi, na mto unapita chini ya ngazi kwenda kumwaga maji ziwani. Ule mzinga wao bado umeelekeza mdomo majini, na ndani ya mdomo mtu ameweka maganda ya machungwa. Mayala mkata tikiti kanikumbuka. Hapo hapo akaanza: mzinga huu, Mwalimu, ulivutwa na ng'ombe sitini kutoka Tabora. Mwaka juzi walikuwa arobaini. Kila nikija ng'ombe wamezaa.

Hakuuliza mwenzangu yuko wapi. Alikata tikiti mbili kwa mazoea, akashtuka, akajaribu kuirudisha moja kwenye kitabu kwa mate. Nimelia mbele ya mzinga. Aibu!

Hapa ndipo nilipompata Okumu, au yeye ndiye aliyenipata. Nilileta darasa la tano. Kiwanda cha nguo kilituazima lori, na dereva wa lori, badala ya kulala kwenye kiti chake, akatufuata handaki kwa handaki akiuliza maswali kuliko watoto. Mwisho akasema: Mwalimu, umewauliza wote, mimi hujaniuliza hata moja. Nikamuuliza jina. Basi. Tangu siku hiyo Jumapili zetu zikawa za hapa, kitenge changu cha njano kimetandikwa kwenye nyasi, kando ya ule mti wa mwegea wa mtoni. Kando — chini yake kabisa alikataa. Tunda lake refu kama mkono wa mtu, zito kama jiwe la kusagia. Likikudondokea umekwisha. Akaniambia kwao Rorya tunda hilo lina kazi nyingine pia. Kazi gani? Akacheka. Uolewe kwanza, ndiyo uambiwe.

Nikaolewa. Hakuniambia.

Jumatano, 4 Julai

Foleni ya sukari tangu asubuhi. Ilipofika zamu yangu, sukari imekwisha, nikapewa viberiti. Mama mmoja nyuma yangu kaniuliza kwa sauti ya kanisani: wako bado? Bado, nikasema. Neno hili nimelichukia. Mtoto — bado. Mume — bado. Sukari — bado.

Nikapita kwenye ile ofisi ya kuulizia askari. Kijana wa mezani ni mpole mno, na upole wake ndio unaonitisha. Hajulikani alipo, kasema tena. Kwa waliokufa hayumo? Hayumo. Kwa majeruhi? Hayumo. Akanivutia kiti. Sikukaa. Nikikaa ataniambia kitu.

Leo ni siku ya shati. Nimejipangia Jumatano tu, kama mgawo. Shati la bluu la mikono mirefu alilolivua asubuhi ile ya Desemba alipovaa nguo za mgambo kwenda vitani. Sikulifua. Nililifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaliweka chini kabisa ya sanduku la bati. Nikifungua, nanusa mara moja tu, nafunga. Jasho, grisi, na ile sabuni yake ya kunyolea. Kila wiki harufu inapungua kidogo. Nadhani mimi ndiye ninayeimaliza.

Kitambaa hicho kilitoka kiwandani, vipande viwili vya jora moja. Kimoja cha Okumu, kingine nikampa kaka yangu Longino. Fundi mmoja aliyashona mashati yote mawili, pale Makoroboi. Shati la Longino alilimaliza bila neno. La Okumu alilalamika: Mama, huyu mumeo ni mtu au korongo? Mikono peke yake imekula kitambaa cha mtoto! Okumu akanyoosha mikono, akakijaza kibanda chote. Tulicheka mpaka fundi akacheka.

Jumamosi, 7 Julai

Sabasaba. Nimepeleka watoto Bomani kuimba. Bwana mmoja wa chama kahutubia mbele ya mzinga. Akasema mawe haya ni darasa, na siku moja mashujaa wa vita vyetu hivi nao watawekewa jiwe lao. Makofi!

Nami nikapiga. Ningefanyaje? Lakini mimi sitaki jiwe.

Jumanne, 17 Julai

Chenge kaja.

Alikuwa dereva pamoja na Okumu kiwandani, wakachukuliwa vitani siku ileile. Amerudi wiki iliyopita na hakuja. Nilijua amerudi, nikajua na kwa nini haji. Leo kaja. Kakaa ukingoni mwa kiti kama mposaji. Kashika kikombe cha chai, hakunywa.

Akaanza kwa mvua. Nikamwambia, Chenge, sema.

Kasema walikuwa kwenye msafara, barabara inayopita katikati ya mabwawa, huko ng'ambo Uganda. Mafunjo kulia, mafunjo kushoto, hakuna pa kugeuza. Mizinga ikaanza. Lori la Okumu lilikuwa mbele ya lake. Likawaka. Kasema: shemeji, mimi sikuona mtu akitoka.

Yeye ndiye aliyelia, si mimi.

Halafu, alipokuwa anavaa kofia aondoke, akasema jambo jingine. Asubuhi yake walipita tena pale. Hawakuruhusiwa kusimama. Lori jeusi tii, limeinama kwenye maji. Na mlango wa dereva ulikuwa wazi.

Wazi? Nimemshika mkono. Wazi umefunguliwa au wazi umefunguka? Kasema hajui. Na ndani? Kasema, shemeji, usiniulize ndani, hatukusimama. Mlango ulikuwa wazi, ndicho nilichokiona, nimeona nikuambie. Ameondoka bila kunywa chai.

Mlango ulikuwa wazi! Mtu hafungui mlango akiwa amekufa.

Jumatano, 18 Julai

Mlango unaweza kufunguka wenyewe. Nimeona leo mlango wa kabati la darasani ukifunguka, hakuna aliyeugusa. Moto hupinda bati.

Sikufungua sanduku. Niliogopa nitakuta hakuna harufu.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimerudi kutoka shuleni nimemkuta Baba amekaa kwenye kibaraza. Baba yake Okumu, mzee Okomo, kutoka Rorya — safari ya siku nzima na zaidi kwa mabasi haya — na kando yake wifi yangu Adongo, yule anayeuza dagaa Kirumba. Adongo kavaa nguo nyeusi. Nikajua. Hawakusema, lakini nikajua.

Shikamoo, Baba. Marahaba, mwanangu. Aliuliza habari za shule, za mvua, za sukari. Nikampa chai bila sukari, akaisifu! Akanyoosha mkono kuchukua kikombe mezani bila kuinuka kitini, kutoka mbali kule. Mkono ule! Mkono wa Okumu kabisa, umezeeka tu. Ilinibidi niende jikoni.

Na anasema “sati”. Nilipoanika nguo aliniuliza sati ya nani ile. Okumu naye alikuwa hivyohivyo, “sati” na “sule”, nami mwalimu mjinga nilikuwa namsahihisha.

Ijumaa, 3 Agosti

Wamesema.

Naandika upesi. Mtu wa kwao akipotea, majini au vitani, asionekane mwili, hawamwachi hivihivi. Wanachukua tunda la mwegea — wao wanaita yago — wanalifunga na nguo yake mwenyewe aliyoivaa, wanalilaza kaburini, wanamlilia, wanazika. Tunda ndiye mtu. Ndiyo kazi yake nyingine. Ndicho alichokataa kuniambia tukiwa tumekaa kando yake tukila maandazi! Loo, Okumu.

Kaburi litachimbwa nyumbani Rorya. Tunda watalipata. Kilichobaki ni nguo. Nguo iko kwangu.

Nikauliza: na akirudi? Adongo kaangalia chini. Baba ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kasema: mtu aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa lango la nyumbani. Hata akija kwa miguu yake, hata tukimtambua. Lango limefungwa, mwanangu.

Nikasimama, nikasema mambo ambayo mkwe hasemi. Nimesema hamtamfungia mume wangu nje kama mbwa. Nimesema mlango wa lori ulikuwa wazi! Nimesema sina nguo yake, zote nimegawa. Adongo akaanza kunikemea — wifi, huyo ni baba yako! — Baba akamnyamazisha kwa kiganja.

Halafu akanisimulia ya mama yake. Baba alikuwa mtoto mdogo Wajerumani walipokuja Shirati kukamata wapagazi wa vita. Wakamchukua baba yake. Waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho Mwanza, kwenye boma la mawe, mahali mto unapoingia ziwani, amebeba sanduku la risasi. Wazee wakataka kuzika yago. Mama yake akakataa. Kila jioni akaweka ugali wa mumewe kwenye jiwe la langoni, na kila jioni mbwa wakala. Alizeeka shingo imegeukia lango. Alipokufa, watu walibishana juu ya maiti yake wamlaze wapi, maana hakuwa na kaburi la mume la kumlaza kando.

Sitaki ukae hivyo, kaniambia. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yako.

Ni mtu mwema. Angekuwa mkali ningeweza kumchukia, mambo yakaisha.

Jumapili, 5 Agosti

Boma la mawe, mahali mto unapoingia ziwani. Ni Bomani, ni wapi kwingine? Baba kaomba nimpeleke akaone. Nimempeleka. Adongo alikwenda sokoni.

Mayala kakata tikiti mbili. Safari hii hakukosea.

Alituzungusha kote. Ng'ombe wamefika themanini! Akatuonyesha yale makaburi sita ya Wazungu yenye mawe yaliyochongwa, akasoma kila jina kwa mbwembwe, na kila Mzungu alikufa kifo chake cha ajabu, mmoja kwa simba. Baba alivua kofia mbele ya kila jiwe. Alipomaliza la sita akauliza: na waliobeba?

Mayala kasema, waliobeba nini?

Mizigo. Wapagazi. Wa kwetu wako wapi?

Na Mayala, ambaye ana jibu na hesabu ya kila kitu, akavua kofia naye. Akaangalia huku na huku, halafu akaonyesha nyasi zile kati ya mwegea na mto. Wazee wanasema ni hapo, mzee. Walikuwa wanafukiwa kwa pamoja. Hakuna aliyeandika.

Hapo! Palepale tulipotandika kitenge Jumapili zote. Sijui kama Mayala kasema kweli au kabuni kumridhisha mzee. Lakini kama ni kweli, mwaka na zaidi tumekaa juu ya watu tukicheka.

Baba akashuka, akakaa kwenye nyasi. Akanyoosha ule mkono wake mrefu, akawa anazipapasa nyasi, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Akasema kitu Kijaluo. Nimekamata neno moja tu, wuora — baba yangu. Mzee wa umri ule, mvi kichwa kizima, anaita baba yake.

Nimekaa kando yake. Mto ulikuwa unapita, kuna watu walikuwa wanapiga picha kwenye mzinga.

Baadaye akainua macho akaona matunda yananing'inia. Kasema: nitachukua hapa. Nikasema, Baba, Rorya miegea imejaa. Kasema Okumu alikuwa na furaha hapa, wewe umeniambia. Na baba yangu yuko hapa. Sitapata pengine pazuri zaidi. Halafu akasema — nayo ndiyo iliyonichoma: Baba yangu ningemzika leo hii. Tunda lipo. Lakini sina nguo yake, hata kipande. Wewe unayo.

Hakusema najua umenidanganya Ijumaa. Amesema unayo tu.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimefundisha vibaya. Nimempiga mtoto chaki ya kichwa kwa sababu alikuwa anafungua na kufunga dawati. Nimemwomba radhi mbele ya wote. Wamenitazama kama nimeota pembe.

Mwalimu mkuu kanipa ruhusa ya wiki nzima. Kasema pole. Pole ya nini? Mbona wote wamekwisha kujua kuliko mimi?

Jumatano, 8 Agosti

Siku ya shati. Nimefungua.

Imebaki kidogo sana. Kwenye kola tu, na kwapani. Nimekaa sakafuni uso umo ndani, nikafikiri: nitalitoa. Baba ana haki. Mtoto ni wake kabla hajawa mume wangu. Nikalikunja vizuri, nikaliweka kwenye mkeka. Nikalichukua tena. Siwezi! Nikilitoa mimi, nimemuua mimi. Waganda walichoma lori, lakini lango nitalifunga mimi kwa mkono wangu.

Halafu macho yakaenda kwenye kamba ya ndani. Shati la Longino. Aliliacha Pasaka nimgeuzie kola, na Misungwi hakuna fundi anayejua kugeuza kola, ndivyo anavyosema mvivu yule. Bluu ileile. Jora lilelile. Fundi yuleyule.

Nimelichukua. Nimelipaka grisi kidogo kwenye kikwapa cha mkono, kutoka bawaba ya mlango. Nimelikunja. Nimetoka nalo sebuleni nikampa Adongo, nikasema, hili hapa. Adongo kalikumbatia akalia kwa sauti. Kwa shati la Longino! Naye Longino yuko hai, anafundisha jiografia Misungwi.

Sasa nimejifungia chumbani kama mwizi. Maana nimeona pia upande wa pili. Kama Okumu amekufa kweli, basi atakaa kulekule bwawani bila kuzikwa, kama wale wa kwenye nyasi. Tunda litazikwa, watu watalia, lakini kaburini hatakuwemo yeye. Nitakuwa nimemtupa. Nitakuwa kama yule mama na ugali wake, ila mimi nitakuwa nimedanganya ukoo mzima.

Na kama yu hai, lango liko wazi.

Mungu anisamehe, nimechagua lango.

Ijumaa, 10 Agosti

Tumechukua tunda.

Mayala kwanza kagoma. Mali ya umma, Mambo ya Kale, hata jani haliondoki Bomani, nitafukuzwa kazi! Baba hakubishana. Alimweleza ni la nini. Mayala akasikiliza mdomo wazi. Halafu akakuna kichwa, akasema, kilichoandikwa kwenye kibao ni mawe. Tunda si jiwe. Akavua viatu akapanda mwenyewe, na panga mdomoni, mtu mzima na tumbo lake.

Baba akasema lisidondoke. Mtu hatupwi chini. Nilikuwa nimekuja na kitenge cha njano, sijui kwa nini nilikuja nacho. Nikakitoa. Baba akashika pembe mbili, mimi mbili. Mayala akakata. Lilishuka kwa kishindo, kitenge kikavutika, nikaanguka magoti, lakini halikugusa ardhi. Limelala pale katikati, la kijivu, refu, limekwaruzika kidogo kama mtu aliyenyolewa vibaya.

Nimelibeba mimi hadi barabarani. Baba alitaka kunipokea, nikakataa. Zito! Nilikuwa sijabeba kitu hivyo, mikono miwili, kifuani. Mama mmoja njiani kadhani nina mtoto, akanipisha.

Nimejisikia nataka kuliimbia. Tunda!

Jumamosi, 11 Agosti

Asubuhi. Tunaondoka na gari la Musoma. Adongo kakimbilia stendi kushika nafasi, amesema dereva atapita kutuchukua hapa barabarani. Naandika nimekaa kitandani, mzigo wangu tayari.

Ilibidi tunda livishwe kabla ya safari. Baba kataka tulivishe wawili tu, mimi na yeye, mlango umefungwa. Amelilaza kwenye mkeka juu ya kitenge. Akasema, nipe sati.

Nimelitoa kwenye mzigo wa Adongo, nikampa. Akalikunjua. Akaligeuza mbele na nyuma. Halafu — mimi nilikuwa nimepiga magoti hapohapo, nimeona yote — akashika bega la shati, akaliweka begani kwake, akanyoosha mkono wake, akaulaza mkono wa shati juu yake mpaka ulipofika.

Haukufika. Uliishia mbali na kifundo cha mkono. Vidole vinne vizima vya ngozi vilibaki wazi.

Alikaa hivyo, mkono umenyooshwa, anautazama. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme! Angenikemea ningekwenda sandukuni, ningempa lile la kweli, wallahi ningempa, nimechoka.

Akashusha mkono. Akaanza kulivisha tunda, taratibu, kama unavyomvisha mtoto aliyelala usimwamshe. Mkono mmoja, wa pili, akaikunja kifuani. Akafunga vifungo vyote hadi cha kola. Cha mwisho nikamsaidia.

Adongo akarudi anahema, akachungulia. Tayari, Baba? Ndilo lenyewe?

Baba hakugeuka. Kasema: ndiyo sati yake.

Adongo akatoka kuangalia gari. Baba akafunika kitenge, akafunga fundo, akainuka kwa kushika ukuta. Amepita hapa mlangoni na tunda kifuani. Amesimama kidogo. Akanitazama mimi, kisha sanduku la bati lililo wazi, kisha mimi. Macho yamejaa, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

Ile nyingine, kasema, usifue.

Ametoka. Nasikia honi. Nasikia Adongo ananiita, wifi, twende, watu wanangoja, na Baba anabishana na utingo, anakataa tunda lisiwekwe juu ya keria, atalipakata mwenyewe hadi Rorya. Napaswa kutoka. Nianze kulia njiani, ndiyo desturi, mke ndiye huanza. Sanduku bado liko wazi na sijui ufunguo nimeuweka wapi.